Vidonge vya Kichwa na Bei ya Ndama: Kutafuta Daktari Kutoka Dundori

Shangazi yangu alimeza dawa za kichwa kwa miaka mitatu. Vidonge viwili kwenye kikaratasi, shilingi ishirini, na duka la dawa liko njiani anapotoka kuuza karoti. Muuzaji hakumuuliza kitu, naye hakusema kitu. Asubuhi moja tulikaa jikoni kwake hapa Dundori, ukungu umeshuka hadi kwenye ua, tukapiga hesabu kwa simu: shilingi ishirini, siku tano kwa wiki, miaka mitatu. Ikaja 15,600.

"Hiyo ni ndama," akasema.

Na usingizi bado alikuwa hapati. Ndipo aliponiambia kwamba kichwa si shida. Shida ni kwamba anaamka saa tisa usiku moyo ukimwenda mbio, na kwamba tangu mavuno yaliyopita hajaona sababu ya kuchana nywele. Alitaka kujua tu: mtu akienda kusema maneno kama hayo kwa daktari, atatozwa ngapi?

Jibu linategemea mlango utakaoubisha. Wa karibu ni kituo cha afya cha serikali. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii) ilipochukua nafasi ya bima ya NHIF, matibabu ya wagonjwa wasiolazwa katika vituo vya ngazi ya 2 na ya 3 yanalipiwa na Hazina ya Afya ya Msingi. Unachohitaji ni kuwa umesajiliwa, na usajili unaanza kwa *147#. Hata kama mchango wa mwaka hujaulipa, mlango huo haufungwi. (Maswali ya usajili ya kupima uwezo wa kulipa mchango yalimchekesha shangazi: kuta za nyumba ni za nini, choo ni cha aina gani, una ng'ombe?) Gharama inayobaki ni daftari la matibabu, muda wa foleni, na dawa utakayoandikiwa ukanunue nje ikiwa imeisha kituoni.

Utakayemkuta ndani si daktari wa akili. Ni afisa wa kliniki au muuguzi, na kwa ziara ya kwanza mimi ningemchagua yeye. Madaktari wa akili Kenya nzima ni mia na kitu tu, na wengi wako Nairobi. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wake wa mhGAP mwaka 2008 ili wahudumu wa kawaida waweze kuyatambua na kuyatibu magonjwa ya akili. Anaweza kukuuliza yale maswali tisa ya kupima mfadhaiko, PHQ-9: kwa wiki mbili zilizopita, ni siku ngapi umekosa raha, umekosa usingizi, umejiona hufai? Kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3. Maswali hayo yapo kwa Kiswahili na hayalipiwi. Anaweza pia kukupima damu, na akifanya hivyo usidhani amepuuza ulichosema. Upungufu wa damu, au tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, huleta uchovu na huzuni ambazo hata mtaalamu hawezi kuzitofautisha na mfadhaiko kwa kukutazama tu. Kwa kipimo cha tezi huenda ukaelekezwa maabara ya mjini. Uliza bei kabla hujakunja mkono wa sweta.

Ubaya wake ni macho ya watu. Anayekufuata kwenye benchi ni jirani yako wa kanisani. Wapo wanaopanda matatu hadi Nakuru ili wasijulikane, na siwalaumu. Lakini wajue kwamba hiyo nauli wanalipia faragha, si lazima wawe wanalipia tiba bora zaidi.

Mjini iko hospitali ya rufaa ya kaunti, ambayo wazee bado wanaiita PGH. Hapo ndipo barua ya rufaa itakupeleka ukihitaji kliniki ya magonjwa ya akili. Kwa asiye na mshahara, kiwango cha chini kabisa cha mchango wa SHA ni shilingi 300 kwa mwezi, na hulipwa kwa mwaka, yaani 3,600. Ukifika, uliza dirishani mapema: kipi SHA inalipa na kipi kitatoka mfukoni. Halafu weka nauli. Tukikadiria mia tatu kwenda na kurudi, na mgonjwa asindikizwe, hizo ni mia sita kila safari, mbali na kibarua kilichopotea siku hiyo.

Daktari wa akili wa kibinafsi, andaa kama elfu tatu hadi tano kwa kikao, dawa kando. Utamwona kwa wakati, mlango umefungwa. Ila hapa watu hupotea kwenye hesabu. Wanauza gunia la viazi, wanalipa kikao cha kwanza, wanaandikiwa dawa, hawarudi. Dawa nyingi za mfadhaiko huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu, na lazima mtu akuone tena, aongeze au abadilishe. Vikao vinne vya elfu nne ni elfu kumi na sita. Kama huna za kikao cha tatu, anzia pale unapoweza kurudi kwa miguu. Na popote uendapo, omba uandikiwe jina la dawa yenyewe, fluoksetini kwa mfano, si jina la kampuni. Kwenye duka la dawa tofauti ya bei huwa kubwa.

Hospitali ya akili ya Mathari, Nairobi, iliyoanza mwaka 1910, usiikimbilie kwa sababu tu ndilo jina unalolijua. Maombi nayo hayagombani na vidonge. Tatizo ni ukiambiwa uviache.

Yako mambo yasiyo ya kulinganisha bei. Mtu akisema anataka kujiua, au akianza kusikia sauti na haelewi alipo, nenda kitengo cha dharura siku hiyo hiyo, na dawa ya kunyunyizia viazi ifungiwe mbali naye. Usiogope polisi: tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka Katiba. Usiku, Msalaba Mwekundu hupokea simu bure kwa 1199.

Shangazi alichagua kituo cha hapa hapa. Hofu yake ilikuwa moja: akiketi, ulimi utarudi kwenye kichwa. Kwa hiyo jioni ile alifungua daftari jipya, akaandika mwenyewe kwenye ukurasa wa kwanza: Naamka saa tisa. Moyo unakimbia. Nywele sichani. Tangu mavuno.

"Mama, shida ni nini leo?" afisa aliuliza, kalamu tayari.

"Kichwa," akasema. Kisha akamsukumia daftari.

Afisa alisoma, akainuka kufunga mlango, akarudi na kuvuta kiti karibu. Tulitoka na tarehe ya kurudi baada ya wiki mbili. Nauli, sufuri. Daftari, shilingi ishirini.