Ukiomba Msaada wa Kompyuta, Taja Ulichobadilisha

Kerneli ya Linux, programu ya ndani kabisa inayosimamia kumbukumbu, diski na vifaa vya kompyuta, haifichi kilichoingizwa ndani yake. Ukiipachika draiva ambayo msimbo wake umefungwa, kama zile ambazo NVIDIA imetoa kwa miaka mingi kwa ajili ya kadi zake za picha, kerneli hujiwekea doa. Hata ukiiondoa draiva, doa hubaki mpaka uwashe kompyuta upya.

Kuliona ni rahisi. Fungua dirisha la amri, andika cat /proc/sys/kernel/tainted, kisha bonyeza Enter. Ukijibiwa 0, kerneli ni safi. Ukijibiwa 4097, hiyo ni jumla ya madoa mawili: 1, yaani kuna moduli (kipande kinachopachikwa kwenye kerneli, kama draiva) ya msimbo uliofungwa, na 4096, yaani kuna moduli iliyotengenezwa nje ya kerneli yenyewe. Hitilafu kubwa ikitokea, madoa hayo huchapwa kwenye ripoti kwa herufi P na O.

Sababu ya kuweka doa ni kwamba draiva ina mamlaka yote ya kerneli. Inaweza kuharibu kumbukumbu isiyo yake, na kosa likajitokeza baadaye mahali pengine kabisa. Mtaalamu asiyeweza kuusoma msimbo wa draiva hiyo atamtafuta mchawi gizani. Ndiyo maana ripoti za kerneli yenye doa mara nyingi huwekwa kando, na mwenye shida huombwa aonyeshe hitilafu ileile kwenye kerneli safi.

Hata nje ya Linux, wengi tunaendesha mashine zenye doa la aina fulani, yaani zilizobadilishwa kinyume na alivyokusudia mtengenezaji. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na tangu msaada wa kawaida wa Windows 10 ulipokoma tarehe 14 Oktoba 2025, wenye laptopu kuukuu, zikiwemo za mtumba zilizojaa Kariakoo, wana sababu ya kulikwepa sharti hilo kwa ujanja. Mwenye Mac ya zamani hutumia programu ya OpenCore Legacy Patcher ili kuweka mfumo mpya ambao Apple haiuruhusu kwenye mashine hiyo. Mwenye Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, huchanganya vifurushi vya matoleo mawili, ingawa Debian wenyewe wanaonya dhidi ya hilo. Mashine ni yako, fanya utakavyo. Adabu inahitajika pale unapomwendea mtu anayesaidia bure.

Piga hesabu. Mambo 20 tu, kila moja likiwa lipo au halipo, yanazaa mipangilio 1,048,576. Hakuna mradi unaoweza kuijaribu yote; kila mmoja huchagua michache na kuisimamia hiyo. Ukitoka nje ya hapo, msaidizi hana kompyuta kama yako, na anachokiona ni kile tu ulichomweleza.

Basi anza na ulichobadilisha, usingoje kubanwa. Ombi zuri husomeka hivi: "Natumia Debian 12, lakini draiva ya kadi ya picha nimeitoa kwa mtengenezaji. Tangu niisakinishe, skrini hubaki nyeusi laptopu inapoamka. Nikirudisha draiva ya Debian, tatizo linaisha." Sentensi ya mwisho ina thamani kuliko zote, kwa kuwa ni matokeo ya jaribio. Simon Tatham, mtunzi wa programu ya PuTTY, alishauri mwaka 1999 kwamba ulichokiona kitenganishwe na unachokidhania. Ujumbe wa kosa nao unakili neno kwa neno; ukiusimulia kwa maneno yako, unaweza kuiacha namba iliyokuwa na jibu.

Umebadilisha mambo mengi? Yagawe nusu kwa nusu. Kama ni 16, rudisha 8 uone tatizo likoje, kisha igawe tena nusu yenye kasoro. Mkosaji akiwa mmoja, majaribio 4 yanatosha kumnasa.

Chagua pia wa kumuuliza. Mfumo wa Linux uitwao Manjaro umejengwa juu ya mwingine uitwao Arch, lakini watu wa Arch hawausimamii. Swali la Manjaro lipeleke Manjaro. Kadhalika, aliyetengeneza kiraka aulizwe kwanza kabla ya aliyetengeneza mfumo. Ukijibiwa kwamba mpangilio wako hausaidiwi, pokea jibu bila matusi, maana hakuna aliyekuahidi.

Na tatizo likiisha, rudi useme liliishaje. Yuko mwenye mpangilio kama wako ambaye hana pengine pa kuuliza.