Jina la Bakhita: Asili Yake, Maana Yake na Undugu Wake na "Bahati"

Katika madarasa ya mwanzo ya Kiswahili hapa Juba kuna zoezi ambalo walimu wengi hulipenda. Siku za kwanza mwanafunzi husimama, hutaja jina lake na kueleza maana yake. Deng atasema jina lake ni mvua kwa Kidinka. Wani atasema jina lake linaonyesha nafasi yake ya kuzaliwa, kama ilivyo desturi ya Wabari. Darasa linajifunza "jina langu ni", "maana yake ni" na "nilizaliwa" bila kuchoka. Lakini akifika msichana aitwaye Bakhita, mambo hupungua kasi. Mmoja atasema hilo ni jina la redio, mwingine la mtakatifu, mwingine la Kiitalia. Naye mwenyewe pengine atauliza: "Mwalimu, Bakhita kwa Kiswahili ni nani?" Mwalimu aliyezoea kuwapa wanafunzi wake majina ya Kiswahili humjibu haraka: "Ni Bahati. Kuanzia leo wewe ni Bahati."

Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na lina kosa pia. Hebu tuanze na ukweli.

Bakhita si jina la Kiitalia, wala asili yake si ya kidini. Ni neno la Kiarabu, ambalo Waarabu nao walilipata kutoka Kiajemi. Kiajemi kina neno bakht, lenye maana ya bahati au majaliwa, na chimbuko lake la zamani ni kugawa: bakht ni kile alichogawiwa mtu, yaani fungu lake. Katika ukoo huohuo wa maneno ya Kiajemi limo lile lililotupa bakshishi, zawadi ndogo anayopewa mtumishi. Kwa hiyo bahati na bakshishi ni ndugu wa mbali, ingawa katika Kiswahili hawatambuani tena. Na tukiwa hapo hapo, tazameni "bahati nasibu". Nasibu nalo ni neno la Kiarabu lenye maana ya fungu au sehemu ya mtu. Anayenunua tiketi ya bahati nasibu ananunua fungu mara mbili, neno la Kiajemi likifuatwa na la Kiarabu, na bado kwa kawaida hapati kitu!

Neno bakht lilipoingia katika Kiswahili lilikutana na vikwazo viwili. Kwanza, Kiswahili hakipendi konsonanti mbili za namna ile zifuatane mwishoni mwa neno, wala hakipendi neno liishie kwa konsonanti. Dawa yake ni kuchopeka irabu, na mara nyingi irabu inayochopekwa katikati hufanana na ile iliyotangulia. Waqt likawa wakati, rizq likawa riziki, na bakht likawa bahati. Pili, sauti kh ya Kiarabu katika maneno ya kila siku iligeuka kuwa h, kama tunavyoona katika habari na hatari, maneno ambayo katika vitabu vya zamani yaliandikwa khabari na khatari.

Sasa tusikilize Kiarabu cha Juba. Nacho kilikuwa na shida na sauti hiyohiyo, lakini kilichagua njia nyingine: kh ikawa k. Tano, ambayo kwa Kiarabu sanifu ni khamsa, sokoni Konyo Konyo utaisikia kamsa. Kwa utaratibu huohuo Bakhita hutamkwa Bakita, na wapo wanaoliandika hivyo. Neno moja, basi, limepita milango miwili. Mlango wa pwani umelitoa likiwa na h, na mlango wa mto Nili umelitoa likiwa na k. Kwa mwalimu wa isimu hii ni zawadi, maana mfano wote umo katika orodha yake ya mahudhurio, na hahitaji kuutafuta kitabuni.

Hadi hapa mwalimu aliyesema "Bakhita ni Bahati" anaweza kutabasamu. Lakini kuna jambo la sarufi ambalo amelipita. Bakht ni nomino. Bakhit ni kivumishi kilichoundwa kutokana nayo, na maana yake ni mwenye bahati. Kikitiwa alama ya kike huwa bakhita. Ndiyo maana Sudan na Sudan Kusini wapo wanaume waitwao Bakhit na wanawake waitwao Bakhita. Kiswahili kilichukua nomino kikaacha kivumishi. Na kwa kuwa nomino hiyo haina alama ya jinsia, Bahati huweza kuwa jina la mvulana au msichana, kuanzia Mombasa hadi Bukavu. Katika Kongo ya mashariki utalikuta hata kama jina la ukoo. Mwanasiasa Modeste Bahati Lukwebo ni mfano unaojulikana. Nakuru na Nairobi lipo kama jina la mahali. Tukitaka kufasiri Bakhita kwa usahihi, basi, tusiseme "bahati". Tuseme "aliyebahatika".

Tofauti hiyo inaweza kuonekana ndogo. Tutaona kwamba si ndogo tukimtazama mwanamke aliyelifanya jina hili lijulikane duniani.

Alizaliwa karibu mwaka 1869 katika kijiji cha Olgossa huko Darfur, katika kabila la Wadaju. Alipokuwa na umri wa miaka saba au minane hivi alitekwa na wafanya biashara ya watumwa. Hofu ilimshika hata akalisahau jina alilopewa na wazazi wake, na watekaji wakampa jina lao: Bakhita. Aliuzwa na kuuzwa tena, El Obeid na Khartoum, akapata mateso ambayo makovu yake alikaa nayo hadi kufa. Mwaka 1883 alinunuliwa na Callisto Legnani, mwakilishi wa Italia mjini Khartoum, na mwaka 1885 akafika Italia. Huko aliwekwa katika nyumba ya familia ya Michieli, kisha kwa masista Wakanosa wa Venice. Bibi Michieli alipotaka kumchukua arudi naye Afrika, Bakhita alikataa. Tarehe 29 Novemba 1889 mahakama iliamua kwamba hakuwahi kuwa mtumwa kisheria, na kwamba yu huru kuamua mambo yake.

Tarehe 9 Januari 1890 alibatizwa. Majina aliyopewa ni Giuseppina Margherita Fortunata. Wanafunzi wa tafsiri watazame jina la tatu. Fortunata ni Kilatini, na maana yake ni "aliyebahatika". Waliombatiza walilifasiri jina lake neno kwa neno, kivumishi kwa kivumishi, na alama ya kike ikabaki mahali pake. Ni tafsiri safi kuliko ile ya mwalimu wetu! Hata hivyo, si Fortunata lililoshika. Aliweka nadhiri za kitawa mwaka 1896, akaishi Schio tangu mwaka 1902, masimulizi ya maisha yake yakatolewa kitabu mwaka 1931, akafariki tarehe 8 Februari 1947, na muda wote huo aliendelea kujulikana kwa jina la Bakhita.

Hapa ndipo penye uzito. Watekaji hawakumwita mtoto aliyebahatika kwa sababu waliona ana bahati. Desturi ya kuwapa watumwa majina ya heri na ya vito ilienea Sudan na pwani yetu pia: Mabruki, Faraji, Almasi, Feruzi, Marijani. Yule Myao aliyetekwa utotoni akauzwa India, kisha akawaongoza Burton na Speke mwaka 1857, dunia inamjua kwa jina la Sidi Mubarak Bombay, yaani neno la baraka pamoja na jina la mji. Mwenzake katika safari hiyo aliitwa Mabruki. Tuonavyo sisi, heri inayotajwa katika majina ya namna hii ilikusudiwa kwa mnunuzi. Mtumwa alibeba jina la bahati ya mtu mwingine. Linganisha na majina kama Tabu, Shida na Mashaka, ambayo wazazi wa Kiswahili huwapa watoto kwa sababu ya hali ya wakati wa kuzaliwa. Majina hayo kwa maana ni mabaya, lakini yametolewa kwa mapenzi. Bakhita kwa maana ni zuri, na lilitolewa na mwizi.

Wapo wanafunzi ambao wakisikia habari hii husema jina lenyewe ni la utumwa na halifai kuitwa mtoto. Hatukubaliani nao, ingawa tunaielewa hasira yao. Jina hili lilikuwapo kabla ya watekaji wale, na wazazi wa Sudan waliwapa binti zao kwa hiari. Tena wanaolichagua leo hawamkumbuki aliyelitoa. Wanamkumbuka aliyelivaa.

Kuhusu kuenea kwake, tuanze na miaka ya 1990. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Bakhita kuwa mwenye heri tarehe 17 Mei 1992, akazungumza habari zake alipofika Khartoum Februari 1993, na tarehe 1 Oktoba 2000 akamtangaza kuwa mtakatifu. Mwaka 2007 Papa Benedikto XVI alisimulia maisha yake katika waraka wake juu ya matumaini, na tangu mwaka 2015 sikukuu yake, tarehe 8 Februari, ni siku ya Wakatoliki duniani kuombea wahanga wa biashara ya binadamu. Kwa njia hiyo jina la Kiarabu lilivuka mpaka likaingia katika shule, parokia na vyeti vya ubatizo vya Kenya, Uganda na Tanzania, katika jamii ambazo hazisemi Kiarabu hata kidogo. Hapa Juba lilipata msaada mwingine: tangu mwaka 2006 Radio Bakhita, kituo cha Kanisa Katoliki, imelitaja jina hili masikioni mwa watu kila siku. Si ajabu darasani redio hutajwa kabla ya mtakatifu. Hata hivyo, usilitegemee kila darasani. Mwalimu aweza kufundisha mwaka mzima asimpate Bakhita hata mmoja, na mwaka unaofuata akapata wawili.

Turudi basi kwenye swali la mwanafunzi. Bakhita kwa Kiswahili ni nani? Kwa maoni yetu, ni Bakhita. Tangu nchi yetu ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, Kiswahili kimepata sababu zaidi za kufundishwa hapa, na tusingependa kianze kazi yake kwa kumvua mtoto jina. Jina hili hasa, ambalo liliwahi kuwekwa juu ya jina jingine lililosahaulika, lisifunikwe tena kwa sababu ya zoezi la dakika tano. Anayeogopa sauti kh akumbuke kwamba Kiswahili kinayo katika majina ya watu: Khadija, Khalfani, na Khamisi ambaye bara hugeuka Hamisi. Atakayetamka Bakita kwa lafudhi ya Juba naye asisahihishwe, maana hajakosea kitu.

Bahati mwenyewe akiwamo darasani, mwaliko ni mzuri zaidi. Waandike ubaoni "Bahati imefika" na "Bahati amefika", kisha waulizwe ni sentensi ipi inayomhusu mwenzao. Wengi watagundua ngeli ya I-ZI na ngeli ya A-WA kwa mkupuo mmoja. Halafu Bakhita aulizwe jina lake linaweza kuingia katika sentensi ya kwanza. Haliwezi, kwa kuwa katika Kiswahili yeye ni mtu tu, wala si kitu kinachoweza kumfikia mtu mwingine.