Mstari Unaopita Kisiwa cha Pate

Fungua ramani ya OpenStreetMap kwenye kivinjari, uikuze hadi visiwa vya Lamu vionekane. Hiyo si picha moja. Ni vigae vya mraba, kwa kawaida pikseli 256 kwa 256, vilivyopangwa bila kuacha ufa. Kwenye hatua ya 10 ya ukuzaji, mji wa Lamu, Shela na mji wa Pate vimo katika kigae kimoja: safu wima ya 628, safu mlalo ya 518. Faza, iliyo kisiwa hichohicho cha Pate, imeangukia safu mlalo ya 517. Mstari umekipasua kisiwa, na mtu anayeburuza ramani kwa kidole haoni hata alama.

Hakuna aliyekaa akachagua pa kukata. Dunia nzima huanza na kigae kimoja, na kila hatua ya kukuza hukigawa kila kigae kuwa vinne, hivyo hatua ya 10 ina safu 1,024 kila upande. Chukua longitudo ya mji wa Lamu, nyuzi 40.9 mashariki. Ongeza 180, gawanya kwa 360, zidisha kwa 1,024: unapata 628 na desimali. Tupa desimali, safu wima umeipata. Kivinjari hufanya hesabu ya namna hii, kisha huomba vigae vinavyohitajika kwenye kioo tu. Kwa mtu wa Kizingitini, kisiwani humohumo Pate, anayepimia bando lake, hilo si jambo dogo.

Ramani imeumbwa igawanyike. Picha uliyoipiga mwenyewe haikuumbwa hivyo. Tuseme ni ya mlango wa nakshi, pikseli 3,000 kwa upana na 4,000 kwa urefu, na fundi anataka ikatwe safu mlalo tatu aichape kwenye karatasi na kuziunga. Elfu nne haigawanyiki kwa tatu. Programu ikikata pikseli 1,333 kila mara, inafika 3,999 na ukingo wa chini unapotea. Kwa safu saba zinapotea pikseli tatu. Nyingine huinyoosha picha kidogo ili hesabu ikubali, na hapo makali ya nakshi yote hufifia; mimi hiyo siikubali kabisa.

Dawa ni kuhesabu mistari badala ya vipande. Mistari ikae 0, 1,333, 2,667 na 4,000. Kipande cha katikati kitazidi wenzake kwa pikseli moja, lakini kila kipande kinaanzia palepale mwenzake alipoishia. Hakuna kinachopotea wala kurudiwa.

Kazi hii yote kivinjari kinaiweza ndani ya simu. Gharama yake ni kumbukumbu: picha ikifunguliwa, kila pikseli hula baiti nne, kwa hiyo hii ya pikseli milioni 12 inadai megabaiti 48 hata kama faili lenyewe ni dogo. Simu ndogo inaweza kukwama. Ni heri programu ikate kipande, ikihifadhi, ndipo ishike kingine.

Kwa kuwa simu inaiweza kazi hii, tovuti inayotaka uitume picha kwanza kwenye seva yake inakulia bando bure, na inaweza kubaki na picha ya nyumba ya watu. Kuijua tovuti ya namna hiyo ni rahisi: fungua ukurasa wa kukatia, zima data na Wi-Fi, kisha chagua picha na ukate. Ikikatika, basi imekatwa ndani ya simu yako.