Fahamu: Mpaka wa Ziwa Nyasa unapita wapi?

Ukishuka kutoka mashamba ya kahawa ya Maguu, kusini mwa Tanzania, ziwa linatokea chini ghafla. Jioni mitumbwi inatoka na taa kuvua usipa. Kwa mujibu wa Malawi, mvuvi akishasukuma mtumbwi majini, ameshatoka Tanzania.

Hoja hiyo inatokana na mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa Julai 1, 1890, uliochora mpaka kwenye ufuko wa mashariki. Tanzania inasema mpaka uko katikati ya ziwa.

Agosti 1914, meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa matengenezoni Liuli. Wajerumani waliposhindwa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, koloni lao la Tanganyika likawa chini ya Uingereza, iliyokuwa tayari inatawala Malawi. Mtawala akawa mmoja pande zote mbili, na mstari ukakosa uzito.

Uhuru ukaurudishia uzito huo. Mwaka 1967 Rais Nyerere wa Tanzania alitangaza Azimio la Arusha la ujamaa, huku akiwasaidia wapiganaji wa uhuru wa Msumbiji, FRELIMO; Rais Banda wa Malawi alianzisha uhusiano wa kibalozi na Afrika Kusini ya makaburu. Mwaka huohuo wakagombana waziwazi juu ya ziwa. Naamini uhasama wa siasa ulichochea mgogoro kuliko maji yenyewe.

Utafutaji wa mafuta ziwani uliufufua mgogoro huo mwaka 2012, na marais wastaafu wakiongozwa na Joaquim Chissano wakajaribu kusuluhisha bila kufikia mwafaka. Huku Mbamba Bay, kwenye ufuko wa Tanzania, watu wanahitaji kuvua bila hofu, na kuvuka kwenda kuzika ndugu ng'ambo.