Bangili ya Cancún: Unalipia Nini Hasa?

Ukifika mapokezi ya hoteli kubwa ya ufukweni Cancún, kitu cha kwanza unachopewa si ufunguo. Kijana hukuomba mkono, akakufunga bangili ya plastiki isiyovuka kiganja mpaka ikatwe kwa mkasi. Kuanzia hapo unakula bila kutoa pochi, unakunywa bila kutoa pochi, na viti vya kulalia chini ya vibanda vya makuti ni vyako. Mgeni hujiona anapewa bure. Kumbe amekwisha kulipa, tena amelipa zamani, kabla hajajua atakula nini wala atashinda wapi.

Sisi tulifungwa bangili hizo kwa usiku sita: mimi, mke wangu, watoto wawili na mama yangu mzazi. Tulitoka Houston, safari ya ndege isiyofika saa tatu. Hakuna anywaye pombe kati yetu. Siku ya tatu, mchana, nilimkuta Mama kivulini na glasi ya maji ya ukwaju, ambayo Wameksiko huyanywa kama sisi Mombasa. Alikuwa akiwatazama watu waliokaa baa ya kando ya bwawa tangu saa nne asubuhi. Akaniuliza, "Mwanangu, hawa wenzetu na sisi tumelipa sawasawa?"

Nilimjibu kwamba ndiyo, sawasawa. Akanyamaza, lakini swali lake halikuninyamazia. Wahenga walisema cha mlevi huliwa na mgema. Katika hoteli ya bangili, cha asiyelewa hunywewa na mlevi.

Makala haya ni jibu refu la swali la Mama. Nimeyaandika kwa ajili ya ndugu zetu wa Texas, Minnesota, Toronto na kwingineko wanaoweka akiba mwaka mzima ili waipeleke familia baharini mara moja. Bei ya hoteli za pwani ya Meksiko haipimwi kwa nyota. Hupimwa kwa namna utakavyoitumia siku yako.

Kwa nini bangili imeshamiri pale

Cancún haikukua yenyewe kama Lamu au Bagamoyo. Ni mji uliopangwa mezani. Benki Kuu ya Meksiko ilitafuta mahali pa kuvutia fedha za kigeni, ujenzi ukaanza mwaka 1970, na hoteli za kwanza zikafunguliwa mwaka 1974, mwaka uleule Quintana Roo ilipofanywa jimbo kamili. Hoteli zilipangwa juu ya ukanda mwembamba wa mchanga wenye umbo la tarakimu 7 na urefu wa zaidi ya kilomita 20. Upande mmoja ni bahari ya Karibi, upande wa pili ni ziwa la maji chumvi la Nichupté. Mji wa wakazi, wenye masoko na vibanda vya chakula, ulijengwa bara.

Umbali huo ndio unaoiuza bangili. Mgeni wa ukanda wa hoteli akitaka kula nje, hukuta mikahawa ya watalii yenye bei za watalii, na mama lishe yuko mbali. Kwa hiyo mpango wa kila kitu ndani, ambao kwa Kihispania huitwa *todo incluido*, unaonekana nafuu hata pale usipokuwa nafuu. Ukilala Playa del Carmen, Isla Mujeres au mji mkongwe wa Puerto Vallarta, chakula kiko hatua chache kutoka mlangoni, na hesabu inabadilika.

Tupige hesabu

Bei hupanda na kushuka kwa msimu, kwa hiyo chukua tarakimu hizi kama mfano tu, kisha weka zile utakazozikuta siku ya kupanga.

Tuseme hoteli ya kila kitu ndani inatoza dola 320 kwa usiku kwa watu wazima wawili, na hoteli ya chumba na kifungua kinywa inatoza dola 140. Tofauti ni dola 180 kwa siku. Swali ni moja: je, mtakula na kunywa vya dola 180 kila siku?

Watu wawili wasiokunywa pombe wakila chakula cha mchana cha dola 30, cha jioni cha dola 50, wakakodi viti vya pwani kwa dola 25 na kunywa maji na sharubati za dola 15, wametumia dola 120. Zimebaki 60. Kwa usiku sita ni dola 360, ambazo zinatosha safari nzuri ya siku nzima.

Wawili wanaokunywa, kila mmoja glasi sita kwa siku za dola nane, watalipa dola 96 za vinywaji. Ongeza dola 80 za chakula na 25 za viti, jumla ni 201. Kwao bangili imelipa.

Sasa weka watoto. Hapa nakiri kwamba bangili ilitufaa. Mtoto anayeogelea hula kila saa: chipsi, tikiti maji, aiskrimu, glasi ya tatu ya sharubati ya embe aliyoinywa nusu. Nje, kila kimoja kina bei yake na mzozo wake. Hoteli nyingi pia huwalaza watoto wadogo bure au kwa nusu bei, ingawa umri wa kikomo hutofautiana, hivyo uliza. Na kwa Mama, ambaye magoti yake hayapendi ngazi, kuwa na chumba, chakula na bahari mahali pamoja kulikuwa na thamani ambayo siwezi kuiandika kwa dola.

Anayepoteza zaidi ni mtembezi. Chichén Itzá iko takriban kilomita 200 kutoka Cancún. Ukienda, siku nzima imekwisha, na chakula ulicholipia hotelini kimeliwa na wengine. Mwenye kupanga safari tatu ndani ya siku sita hana sababu ya kuvaa bangili.

Bahari yenyewe

Picha za matangazo zote ni za buluu. Bahari zenyewe hazifanani.

Kwenye ile 7 ya Cancún, mkono mfupi wa kaskazini una maji matulivu, nao unafaa watoto. Mkono mrefu unaotazama mashariki una mawimbi na mikondo. Mandhari yake ni ya kupendeza, lakini bendera nyekundu hupandishwa mara kwa mara, nayo iheshimiwe. Isla Mujeres, dakika kama 20 kwa feri kutoka Puerto Juárez, ina Playa Norte, ufukwe wa maji ya kina kifupi na utulivu ambao Mama aliupenda kuliko bwawa lolote.

Upande wa Pasifiki, Puerto Vallarta imo ndani ya ghuba kubwa ya Banderas, na mji wake ni mji halisi, wenye kanisa, soko na njia ya kutembea kando ya bahari. Huatulco, katika jimbo la Oaxaca, ina ghuba tisa na msongamano mdogo. Los Cabos ni ya kifahari na ghali, na fukwe zake nyingi hazifai kuogelea kwa sababu ya mawimbi na mikondo. Wa kuogelea huenda Médano, Chileno au Santa María. Ukilipia chumba cha mbele ya bahari pale, hakikisha unajua kwamba huenda ukaishia kuitazama tu. Acapulco, malkia wa zamani, ilipigwa na kimbunga Otis cha daraja la tano tarehe 25 Oktoba 2023, kwa hiyo uliza hali ya hoteli husika kabla ya kulipa.

Kisha kuna mwani. Watu wa Paje na Jambiani wanaujua mwani kama riziki, unaopandwa kwa kamba na kuanikwa juani. Pwani ya Karibi ya Meksiko hukumbwa na mwani mwingine, sargasamu, unaoelea kutoka Atlantiki. Kwa miaka mingi sasa umekuwa ukija kwa wingi, hasa kati ya Aprili na Agosti. Ukirundikana ufukweni huoza na kunuka kama yai viza. Hoteli kubwa huajiri watu wa kuuzoa na kutega vizuizi baharini. Hoteli ndogo hazina uwezo huo. Playa Norte na upande wa magharibi wa Cozumel huathirika kidogo, na Pasifiki haina tatizo hilo. Ukikuta bei ya Juni imeshuka sana Tulum, hiyo ni sababu mojawapo. Nyingine ni vimbunga: msimu wa Atlantiki ni Juni hadi mwisho wa Novemba, na Septemba na Oktoba ndiyo miezi ya kuogopwa zaidi. Bei ya chini ya Septemba ni halali, ila inunue pamoja na haki ya kuahirisha.

Gharama zisizoandikwa kwa herufi kubwa

Kwanza, kodi. Meksiko hutoza asilimia 16 ya kodi ya ongezeko la thamani, na majimbo huongeza kodi yao ya malazi. Cancún na Playa del Carmen kuna pia ada ya mazingira kwa kila chumba kwa kila usiku, ambayo mara nyingi hudaiwa mapokezi. Tangu mwaka 2021 Quintana Roo inawatoza wageni kutoka nje ada iitwayo Visitax. Linganisha hoteli kwa bei ya mwisho tu, yenye kila kitu, tena uangalie kama bei ni ya chumba au ya mtu mmoja. Nimeona watu wakilinganisha dola 150 kwa mtu na dola 220 kwa chumba, wakachagua ya kwanza wakidhani ni nafuu. Wakiwa wawili, wamelipa 300.

Pili, usafiri. Teksi za uwanja wa ndege wa Cancún ni ghali. Mabasi ya ADO huenda mjini na Playa del Carmen kwa sehemu ndogo ya nauli hiyo, na ndani ya ukanda wa hoteli kuna mabasi ya njia R-1 na R-2 yanayotumiwa na wafanyakazi.

Tatu, sarafu. Lipa kwa peso. Mashine ya pesa ikikuuliza kama ikubadilishie kwa dola, kataa. Benki yako itakupa kiwango bora.

Nne, "kifungua kinywa cha kuwakaribisha." Huu ni mwaliko wa kuuziwa wiki za hoteli kwa miaka ijayo. Tuliambiwa dakika 90, tukatoka baada ya karibu saa nne, watoto wakilia na asubuhi ya bahari imekwisha. Hatukutia saini. Aliyetia saini ajue kwamba sheria ya Meksiko inampa siku tano za kazi kuvunja mkataba bila adhabu, kwa maandishi, na PROFECO ndiyo mamlaka ya kumtetea mlaji.

Tano, chakula chenyewe. Kwa Mwislamu, wingi wa bufee si wingi wake. *Cochinita pibil*, fahari ya Yucatán, ni nguruwe, na maharage ya kuponda mara nyingi hukaangwa kwa *manteca*, mafuta ya nguruwe. Sema *sin puerco, sin manteca*. Ukitoka nje, tafuta *tikin xic*, samaki aliyepakwa viungo vya achiote na kuchomwa ndani ya jani la mgomba. Mama alikula mkia mpaka kichwa.

Na bahshishi. Bangili haimlipi anayekutandikia kitanda. Kisheria bahshishi ni hiari, lakini wengi wa vijana wale wametoka mbali, Chiapas na Tabasco, na peso chache mkononi ni sehemu ya kweli ya riziki yao. Ziweke katika bajeti tangu nyumbani.

Siri kubwa: bahari ni ya watu wote

Fukwe zote za Meksiko ni mali ya umma. Ukanda wa mita 20 kutoka maji yanapofika ni wa taifa, na sheria iliongezewa meno mwaka 2020 ili anayezuia watu kupita atozwe faini. Hoteli inamiliki viti na miavuli, haimiliki mchanga. Playa Delfines, mojawapo ya fukwe nzuri kabisa za Cancún, haina hoteli mgongoni mwake. Unashuka basi, unatandika kanga yako. Kwa hiyo mgeni wa dola 140 na wa dola 320 huoga bahari moja.

Basi uchague nini?

Wenye watoto wadogo au mzee asiyeweza kutembea sana, wanaotaka kupumzika tu: chukueni bangili, kaskazini mwa ukanda wa hoteli, kwenye maji matulivu. Wawili wasiokunywa na wanaopenda kutembea: chumba na kifungua kinywa, Isla Mujeres au Playa del Carmen. Wanaoogopa mwani: Puerto Vallarta au Huatulco. Na msilazimike kuchagua kimoja. Mara ya pili sisi tuligawa safari, usiku tatu na bangili, tatu bila.

Mwenye pasi ya Kenya au Tanzania akumbuke viza. Kwa kawaida mwenye viza halali au ukaazi wa kudumu wa Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au nchi za Schengen huruhusiwa kuingia bila viza ya Meksiko, lakini thibitisha ubalozini kabla ya kulipa chochote.

Kisha, kabla ya kutoa kadi, chukua karatasi uandike siku yako moja ya likizo, tangu alfajiri hadi kulala: utakula wapi, utakunywa nini, utakuwa baharini saa ngapi, nani atachoka mapema. Weka bei kwenye kila mstari. Safari ya pili niliiandika karatasi hiyo pamoja na Mama. Jioni ya mwisho Isla Mujeres, miguu yake ikiwa majini, mkono wake mtupu, hakuniuliza tena nani kalipa nini.