Tikiti Usiitupe

Wengi katika sisi, karafuu zikisha kuuzwa, huvuka kwenda Bara kuzuru jamaa au kutafuta biashara, na baadhi yao hushika gari la moshi la kwenda Tabora na Mwanza. Njia hiyo ikisha kupita Kilosa yafika Gulwe, katika Wilaya ya Mpwapwa, na baada ya Gulwe huja Msagali, kisha Igandu, kisha Kikombo, hata Dodoma. Abiria hupita hapo usingizini. Twapenda leo kuwaamsha kidogo.

Asubuhi ya tarehe 24 Juni, 2002, gari la abiria lenye watu zaidi ya 1,200 lilikuwa katika mwinuko wa Igandu, breki zikakataa. Likarudi kinyumenyume kwa kasi kubwa, likagongana na gari la mizigo. Watu 281 walikufa na mamia wakaumia. Maiti nyingine hazikutambulika, zikazikwa pamoja Dodoma. Na mwezi wa Machi 2009, gari la abiria na la mizigo yaligongana tena karibu na Gulwe yenyewe.

Sasa na tuseme mmoja wetu alikuwamo katika ajali ya namna hiyo, akatoka na mguu uliovunjika. Ataka fidia. Huenda akadhani kuwa mguu wake watosha kusema. Hautoshi. Sheria ya Ushahidi yataka anayedai jambo ndiye alithibitishe, na swali la kwanza litakuwa jepesi la kushangaza: je, ulikuwamo garini?

Sisi watu wa visiwani twalijua vizuri swali hilo. Meli ya Spice Islander ilipozama Septemba 2011 ikielekea Pemba, ilikuwa na watu wengi kupita kiasi chake, na ziko nyumba zilizoangaika kuonyesha ya kuwa mtu wao alipanda. Basi tikiti ni mali. Siku hizi nyingine huja kwa simu, na simu huvunjika. Mpelekee nakala mtu wa nyumbani kabla gari halijang'oka. Ikipotea, watafute waliokaa nawe behewa moja. Chukua majina yao na namba zao siku ile ile, maana baada ya mwezi mmoja yuko Kigoma, mwingine Shinyanga, na hutawaona tena.

La pili ni jeraha. Polisi hutoa fomu iitwayo PF3, ambayo daktari huijaza aliyoyaona. Mwenye kutokwa na damu atibiwe kwanza, fomu ifuatwe na jamaa, lakini isiachwe. Wako wanaume, na twasema haya bila ya kuwacheka, ambao husimama, hujipangusa vumbi, husema "mimi mzima", wakaenda zao. Baada ya wiki tatu mgongo wakataa. Hapo mwenye kudaiwa huuliza, na ana haki kuuliza, kama mgongo huo haukuumia shambani, juu ya mkarafuu. Picha ya siku ya kwanza, cheti cha hospitali, risiti ya kila dawa na kila nauli ya kurudi kliniki, vyote vikae katika mfuko mmoja.

Ama sababu ya ajali, hiyo abiria hawezi kuichimba peke yake. Vitabu vya stesheni na habari za breki ziko mikononi mwa wenye reli. Hata hivyo asikate tamaa: wakili aweza kuiomba mahakama iamuru vitolewe. Tena kuna mambo hujisemea yenyewe; gari la abiria halirudi kinyumenyume mlimani pasipo kasoro ya mahali fulani.

Jambo ambalo wanachama hulisahau kuliko yote ni hasara ya pato. Mwenye mshahara huleta barua ya mwajiri. Mkulima ataleta nini? Ataleta stakabadhi za Shirika la ZSTC za misimu iliyopita, zionyeshazo kilo alizouza na fedha alizopokea. Yule aliyezitumia kufungia chumvi hana cha kuonyesha ila maneno yake.

Na wakati hausubiri. Huko Bara, madai ya kuumizwa kwa uzembe hupewa miaka 3 tu, na anayelishtaki shirika la umma hutakiwa kwanza kutoa taarifa ya siku 90. Siku hizo 90 zihesabiwe mapema, wakili aonwe mguu ungali katika plasta, na mfuko wa karatasi uende pamoja naye.