Si Kila Kijidudu ni Adui wa Mtoto

Mama wa Bugoye, wilayani Kasese chini ya milima ya Ruwenzori, akienda kliniki huambiwa achemshe maji ya kunywa, anawe mikono kwa sabuni na afunike chakula, kwa sababu vijidudu huua. Ni kweli tupu. Lakini utumbo wa mtoto mwenye afya umejaa bakteria, na wengi wao ni walinzi wake. Inakuwaje mama ahubiriwe mambo yote mawili bila kuchanganyikiwa?

Tuanzie kwenye nepi, maana hapo mama ndiye mtaalamu. Anajua kwamba mtoto anayenyonya tu hutoa choo laini cha manjano, chenye harufu ya uchachu. Akishaanza maziwa ya ng'ombe au uji, choo huwa kizito na hunuka. Uchachu ule ni alama ya bifidobakteria, ambao Henry Tissier aliwatambua jijini Paris mwaka 1899 katika choo cha watoto wanaonyonya. Maziwa ya mama yana sukari za aina zaidi ya 100 ambazo tumbo la mtoto haliwezi kuzisaga. Wanaozila ni bakteria hao. Wakishiba hutoa asidi, na vijidudu vingi vya kuhara havistawi penye asidi.

Ndiyo maana mtoto hapewi maji wala chai ya mitishamba kabla ya miezi 6. Kikombe kinaweza kumwingizia uchafu, tena tumbo likijaa maji, ananyonya kidogo na walinzi wake wanakosa chakula. Dang'a nayo, yaani maziwa ya kwanza ya mama, isikamuliwe ikamwagwa: imejaa kinga ya mama.

Hatari nyingine iko kwenye duka la dawa. Mtoto akiharisha, mzazi hununua antibiotiki kwa kubahatisha. Kuhara kwingi kwa watoto wadogo hutokana na virusi, ambavyo antibiotiki haiviui. Wanaofyekwa ni bifidobakteria. Anachohitaji mtoto ni ORS (dawa ya kurudisha maji mwilini), zinki kwa siku 10 hadi 14, na ziwa la mama bila kukatizwa. Choo kikiwa na damu, macho yakibonyea au akishindwa kunyonya, apelekwe kituo cha afya mara moja. Hapo mganga ndiye ataamua kama antibiotiki inahitajika.

Na sabuni? Haimnyimi mtoto walinzi wake. Wengi huwapata kwa mama yake tangu anapozaliwa, na maziwa huwalisha. Sabuni inazuia kinyesi cha chooni kisifike mdomoni mwake. Kwa hiyo mhudumu wa afya wa kijiji hahitaji somo jipya wala kumshawishi mama anunue vidonge vya bakteria. Amuulize tu choo cha mtoto kikoje siku hizi, kisha amweleze ni nani anayekifanya kiwe hivyo.